Timazi, simu au eksirei: upimaji upi wa mkao unakufaa?

Ndani ya mwaka mmoja nilipimwa mkao mara tatu, kwa njia tatu, katika mji huu huu wa Mombasa. Tabibu wa kwanza alinisimamisha kando ya uzi wenye timazi, kama ule wa mwashi, akanizunguka kimya kimya, akaniambia bega langu la kulia limeshuka. Kliniki ya pili ilinipiga picha kwa tableti na kunipa karatasi yenye mistari myekundu. Hapo bega lililoshuka likawa la kushoto. Ya tatu ilinituma eksirei kabla hata ya kuniuliza shingo inauma upande gani, na picha iliporudi, suala la mabega halikutajwa tena. Sasa tatizo likawa shingo kunyooka kupita kiasi.

Mimi ni wakala wa forodha. Siku nzima niko mbele ya kompyuta, hatua chache kutoka bandari ya Kilindini, na shingo ilikuwa inaniuma kweli, si kwa kudhani. Majibu yale matatu yalinichanganya hadi nikaanza kusoma tafiti zenyewe. Siku hizi majirani na wenzangu kazini huniuliza: nikapimwe kwa njia ipi? Haya ndiyo ninayowaeleza, na nayaandika kwa sababu nimeona watu wakilipa pesa nyingi kwa kipimo kisichowahusu, na wengine wakikosa kile walichokihitaji hasa.

Kwanza, historia kidogo. Kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha viungo na uti wa mgongo kwa mikono, ilianza mwaka 1895 mjini Davenport, Iowa, Marekani, kwa mkono wa D. D. Palmer. Mwaka huo huo eksirei iligunduliwa Ujerumani, na kufikia 1910 mwanawe, B. J. Palmer, alikuwa ameshaiingiza katika fani hiyo. Kwa hiyo jicho, mkono na picha vimeishi pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja, na ubishi kuhusu kipi kitangulie ni wa siku nyingi, hata baina ya matabibu wenyewe.

Maswali ya kukiuliza kila kipimo

Mimi hutumia maswali manne. Kinapima nini hasa, umbo la nje au mifupa yenyewe? Kikirudiwa kesho, au na mtu mwingine, kitatoa jibu lile lile? Jibu hilo linahusianaje na maumivu, na je, litabadilisha matibabu? Na mwisho, kinagharimu nini, tukihesabu pesa, mionzi na staha pia?

Swali la tatu ndilo watu huliruka, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Bila shaka umeshatumiwa kwenye WhatsApp ile picha ya mtu aliyeinamia simu, imeandikwa kwamba shingo yake inabeba kilo 27. Namba hiyo inatoka kwenye hesabu za daktari Kenneth Hansraj wa Marekani za mwaka 2014, na zilifanywa kwa modeli ya kompyuta. Hakuna aliyepimwa maumivu pale. Watafiti walipowaendea watu wenyewe, mambo yalikuwa na sura nyingine. Nchini Australia, vijana 1,108 wa miaka 17 waligawanywa kwa makundi ya jinsi wanavyokaa, na makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu ya shingo. Brazili, mwaka 2018, vijana 150 wa miaka 18 hadi 21 walichunguzwa wakitumia simu, na waliokuwa wakiinama sana hawakuumwa kuliko wenzao. Kwa watu wazima hali ni tofauti kidogo: mapitio ya tafiti ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba wenye maumivu ya shingo, kwa wastani, hutanguliza kichwa mbele zaidi ya wasioumwa. Lakini anayeumwa naye hujikunja kwa sababu anaumwa. Uhusiano huo hautuambii kipi kilimzaa mwenzake.

Sisemi mkao hauna maana. Ninachosema ni kwamba milimita na digrii peke yake hazikuambii kwa nini unaumwa.

Jicho na timazi

*Kinachopimwa.* Hiki ni kifaa kile kile cha mwashi. Ukisimama kwa ubavu, uzi hutarajiwa kupita kwenye ncha ya chini ya sikio, katikati ya bega, kwenye fupa linalotokeza ubavuni mwa nyonga, mbele kidogo ya katikati ya goti, na mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Ukigeuka mgongo, hupita katikati ya kisogo, ukafuata pingili za uti wa mgongo hadi katikati ya visigino. Tabibu anasoma umbo la nje, na mifupa anaikisia tu.

*Kurudiwa.* Hapa ndipo palipo na udhaifu. Nilijaribu nyumbani Tudor na shemeji yangu, ambaye ni mwashi. Tulifunga uzi juu ya mlango, timazi likaning'inia vidole viwili kutoka sakafuni, na ilitubidi tuzime feni maana upepo wake ulikuwa ukiliyumbisha. Nikasimama. "Shemeji, usijikaze hivyo," akaniambia, "umesimama kama uko gwaride." Nikalegeza mabega, na sikio langu likasogea mbele ya uzi upana wa vidole viwili. Nikazunguka chumba, nikarudi nikasimama tena. Safari hii kilikuwa kidole kimoja. Mwili uleule, dakika ileile, majibu matatu.

Wataalamu nao hawajaepuka tatizo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wataalamu 28, wakiwemo matabibu wa kairopraktiki, wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) na wapasuaji wa mifupa, walionyeshwa picha za watu 36 na kutakiwa kuamua kwa macho kama mpindo wa shingo na wa kiuno ni wa kawaida, umezidi au umepungua. Kwa kipimo ambacho 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni sawa na kubahatisha, mtaalamu aliporudia picha zile zile alijikubali mwenyewe kwa 0.50. Mmoja na mwenzake walikubaliana kwa 0.16 tu. Niliposoma namba hiyo nilielewa kwa nini bega langu lilihama upande.

*Maana kwa matibabu.* Jicho halifai kwa vitu vidogo, lakini kwa vikubwa linafaa sana. Mtoto akiinama mbele, mikono ikining'inia na magoti yamenyooka, ukaona ubavu mmoja wa mgongo umeinuka kuliko wa pili, hilo ni jambo la kufuatilia. Jaribio hilo lilielezwa na daktari Mwingereza William Adams mwaka 1865, na hadi leo halijapitwa na wakati. Kwa mzee, ukuta unatosha: asimame, visigino na mgongo vigusane na ukuta, atazame mbele. Kisogo kikishindwa kugusa ukuta, pima pengo kwa rula, uandike tarehe. Pengo linalokua, pamoja na urefu unaopungua, huashiria pingili zinazobonyea. Na kuna faida nyingine ambayo mashine haina: tabibu aliye nawe chumbani anaweza kukwambia, "Hebu nionyeshe unavyokaa kazini," akaona unavyobana simu kati ya sikio na bega huku ukiandika.

*Gharama.* Mara nyingi huwa ndani ya ada ya kumwona tabibu. Mionzi hakuna. Ila dera au kanzu huficha kila kitu, hivyo utaombwa uvue au uvae nguo ya kubana. Mama au binti ana haki ya kuomba tabibu wa kike, au jamaa yake awepo chumbani, na haki hiyo asione haya kuidai.

*Kinamfaa* anayeanza kutafuta msaada na hana dalili za hatari, mtoto wa shule anayekaguliwa mara ya kwanza, na mzee.

Picha ya simu au tableti

*Kinachopimwa.* Umbo la nje tena, lakini sasa kwa namba. Pembe inayotumika sana ni ya shingo. Inama kidogo, pitisha kidole nyuma ya shingo kuelekea chini: lile fupa linalotokeza kuliko mengine, pale shingo inapokutana na mgongo, ndilo kituo cha kwanza. Kituo cha pili ni kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio. Mstari unaounganisha vituo hivyo viwili hupimwa pembe yake na mstari uliolala. Kadiri pembe inavyopungua, ndivyo kichwa kilivyotangulia mbele, na wengi hutumia takribani digrii 50 kama mpaka.

*Kurudiwa.* Ni bora kuliko jicho tupu, ila kwa masharti. Stika zibandikwe mahali pale pale na mtu yule yule. Kamera iwe kwenye kishikio kisichotikisika, kimo cha bega lako, na umbali uleule kila mara. Weka alama ya miguu sakafuni kwa utepe. Programu inayotafuta viungo yenyewe bila stika hukisia, na nguo pana huifanya ikisie vibaya zaidi. Nami nilijipiga picha mbili bila kuhama, ya pili nikaiinamisha simu kidogo tu. Bega "lililoshuka" likahamia upande wa pili.

*Maana kwa matibabu.* Ile karatasi yenye mistari myekundu ilisema bega langu limeshuka milimita 7. Nikauliza, "Daktari, milimita hizi zinahusianaje na maumivu yangu?" Akanionyesha mistari ile ile kwa mara ya pili, kisha akanifungulia orodha ya bei: vikao 36, vilipwe kwanza. Nilitoka pale nimeinama kuliko nilivyoingia, kwa hofu. Karibu kila binadamu ana bega moja lililo chini ya jingine, na mkono anaoutumia zaidi huwa na sehemu yake katika hilo. Kutolingana huko si ugonjwa.

Hata hivyo sitaki kuidhulumu njia hii, kwa sababu baadaye ndiyo iliyonisaidia. Nilipoanza mazoezi ya shingo na kuinua skrini ya kompyuta kwa maboksi mawili ya karatasi, tabibu wangu wa sasa alinipiga picha mwanzoni na tena baada ya wiki nane, kwa vipimo vile vile. Hakuzisoma kama hukumu. Alizitumia kama mtu anayepima kina cha maji kabla na baada ya kujaa. Pembe ilibadilika kidogo sana, maumivu yalipungua sana, naye alinieleza wazi kwamba mawili hayo si lazima yaende pamoja.

*Gharama.* Pesa si nyingi, na nyumbani ni bure. Gharama yake kubwa ni staha. Hiyo ni picha ya mwili wako, pengine ukiwa na nguo chache, ndani ya kifaa cha mtu mwingine. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Uliza picha inahifadhiwa wapi, nani anaiona, na itafutwa lini. Uso unaweza kufichwa bila kuharibu kipimo. Ukijibiwa kwa kusitasita, kataa.

*Kinamfaa* mtu aliyekwisha anza matibabu au mazoezi na anataka kufuatilia mabadiliko yake mwenyewe: fundi cherehani wa Mji wa Kale, karani, mwanafunzi wa chuo.

Eksirei

*Kinachopimwa.* Mifupa yenyewe. Ndicho pekee kati ya hivi vitatu kinachoweza kuonyesha pingili iliyovunjika au iliyoliwa na kifua kikuu cha mifupa. Kwa uti uliopinda kwa ubavu hutumika pembe iliyopewa jina la daktari John Cobb wa Marekani, aliyeieleza mwaka 1948. Kuanzia digrii 10 ndipo upindaji huo huhesabiwa kuwa tatizo lenye jina, skoliosi.

*Kurudiwa.* Ndicho kilicho imara zaidi, ingawa nacho kina kosa lake: vipimo viwili vya pembe ya Cobb vinaweza kutofautiana kwa digrii 5 hivi bila mgongo kubadilika. Ukiambiwa mwanao ametoka digrii 14 hadi 16, usikeshe macho.

*Maana kwa matibabu.* Hapa matabibu wa kairopraktiki wamegawanyika. Wako wanaopima mpindo wa shingo na kiuno kwa eksirei kabla ya kumgusa mgonjwa, na hoja yao ni kwamba huwezi kusahihisha usichokiona. Ni hoja inayoeleweka. Upande wa pili, Chama cha Kairopraktiki cha Marekani chenyewe kilitoa ushauri mwaka 2017: kwa maumivu mapya ya kiuno yasiyo na dalili za hatari, usipige picha ya uti ndani ya wiki sita za mwanzo, wala usirudie picha kwa ajili tu ya kufuatilia maendeleo ya mgonjwa. Sababu mojawapo ni kwamba picha za ndani hukuta mengi hata kwa wazima. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya picha za CT na MRI, mashine zinazoonyesha ndani ya mwili kwa undani, za watu 3,110 wasio na maumivu yalikuta sahani za mgongo (zile gegedu zilizo kati ya pingili) zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Hao hawakuwa wakiumwa mgongo. Mimi, nikiwa nimepima pande zote, naelekea upande wa ushauri ule wa 2017.

Lakini kwa kijana anayekua mwenye uti uliopinda, mizani inageuka. Jaribio la Marekani na Kanada lililochapishwa mwaka 2013 lilionyesha kwamba vazi gumu la kushika mgongo liliwazuia asilimia 72 ya vijana wasifikie kiwango cha upasuaji, dhidi ya asilimia 48 ya waliosubiri tu. Uamuzi wa kumvalisha hutegemea pembe, na pembe hutoka kwenye eksirei. Hapo picha inabadilisha maisha ya mtoto.

*Gharama.* Eksirei ya kiuno hutoa takribani milisivati 1.5 za mionzi, sawa na miezi kadhaa ya mionzi ya kawaida tunayoipata ardhini na angani. Moja yenye sababu si ya kuogopwa. Kurudiarudia ndiko kwenye madhara. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliopigwa eksirei nyingi za mgongo wakiwa wadogo, kwa mashine za zamani, na vifo vya saratani ya matiti kati yao vilikuwa vingi kuliko ilivyotarajiwa. Binti akipigwa picha mionzi ikiingilia mgongoni badala ya kifuani, matiti hupata mionzi kidogo zaidi, kwa hiyo omba hivyo. Mwanamke aliye na mimba, au anayeishuku, aseme kabla. Na mashine yoyote ya eksirei nchini yatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya. Kuiulizia si utovu wa adabu.

*Kinamfaa* kijana mwenye upindaji uliokwisha onekana, mtu aliyeanguka, mzee aliyefupika ghafla kwa maumivu, na yeyote mwenye dalili za hatari.

Kwa hali yako

Kama wewe ni hamali wa soko la Kongowea, kiuno kimekubana juzi ulipotua gunia, na miguu ina nguvu na haja unazipata kawaida, hakuna kipimo cha mkao unachokihitaji wiki hii. Endelea kutembea, punguza mizigo, na wengi hupata nafuu ndani ya majuma machache. Ukienda kwa tabibu, mwonyeshe unavyoinua gunia. Hiyo ina faida kuliko kusimama kando ya uzi.

Kama shingo au mgongo umekusumbua kwa miezi na kazi yako ni ya kukaa, anza na tabibu anayetazama na kugusa, kisha picha ya simu iwe ya kufuatilia. Awe wa kairopraktiki au wa fiziotherapia, uliza amesomea wapi. Wa fiziotherapia husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Fiziotherapia, chini ya sheria ya mwaka 2014.

Mzazi wa binti wa miaka 10 hadi 14, mwinamishe nyumbani mara mbili kwa mwaka. Ukiona ubavu umeinuka, au kiuno kimeingia upande mmoja, usikimbilie eksirei mwenyewe. Mpeleke kwa daktari, naye aamue. Kama kinachokusumbua ni anavyoinamia marufaa madrasa au simu sebuleni, mwambie abadilishe mkao kila baada ya muda, umwache acheze.

Usipoumwa popote, na kilichokutia hofu ni picha ya WhatsApp, hakuna hata kimoja kati ya vitatu unachopaswa kukilipia.

Dalili za hatari hazina subira: ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, miguu kulegea, homa au jasho la usiku pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda bila sababu, kuwahi kuugua saratani, au kuanguka vibaya. Hapo usipite kliniki ya kunyoosha mgongo. Nenda hospitali yenye idara ya dharura, kama ile kuu ya Pwani hapa Mombasa, siku hiyo hiyo.

Na kama uko pale nilipokuwa mimi, karatasi ya mistari myekundu mkononi na bei ya vikao 36 mezani, omba nakala ya picha zako. Ni zako. Usilipe siku hiyo. Mpelekee tabibu wa pili, umfiche alichosema wa kwanza, umuulize swali moja: bega likiwa hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika vipi?